Tao Lililopimwa kwa Gari la Askofu

Mimi nauza viazi. Nanunua Njombe, napakia kwenye fuso, nashusha Makambako, na hapo malori ya Mbeya na ya Dar es Salaam yananikuta. Kazi hii inamfundisha mtu jambo moja mapema: gari halibembelezwi. Dereva unaweza kumbembeleza, wapakiaji unaweza kuwatania wakafanya haraka, lakini bodi la gari lina upana wake na upana huo hausikii maneno. Ama linapita, ama halipiti.

Nasema hivyo mapema kwa sababu katika habari hii kuna watu wengi waliodhani gari linaweza kubembelezwa, na wengine ni ndugu zangu.

Mtaa wetu uko kwenye mteremko, juu kidogo ya barabara kuu. Waliouanzisha walikuja kutafuta maisha pale njia panda: Wabena wa Njombe, Wakinga wenye akili ya biashara, na Wapangwa kama wazazi wangu waliotoka upande wa Ludewa. Kila mmoja alinunua kipande chake, akageuza mlango alikotaka yeye, akapanda ua wake. Njia ikabaki kuwa kile ambacho hakuna mtu aliyekitaka. Ilianzia barabara kuu, ikapanda ikikwepa choo cha huyu na jiko la yule, ikapinda kwenye kona ya mama yangu, kisha ikafika uwanja wa juu. Uwanja ule ulikuwa wazi tangu nikiwa mtoto. Wenyeviti wa mtaa waliopita walikuwa na kasoro zao, lakini hakuna hata mmoja aliyeuuza, na kwa hilo nawavulia kofia.

Halmashauri ilipokuja na mpango wa kurasimisha makazi, tuliambiwa tuchague kamati. Walinichagua mimi kwa sababu mbili: nina sauti kubwa, na siku hiyo sikuwepo. Ndivyo nilivyokutana na afisa mipango miji.

Alikuwa dada wa makamo, si mtu wa huku. Baridi yetu ilimtesa. Alivaa masweta mawili, suruali, na juu yake kitenge, na miguuni mabuti ya mpira. Alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, akasalimia kila mlango "Kamwene" kwa lafudhi iliyowachekesha watoto, akaitikiwa, akauliza habari za nyumbani na kusubiri jibu. Nimefanya biashara na watu wa ofisi miaka mingi. Sijawahi kuona anayenyamaza vizuri kama yule. Unaongea, ananyamaza, unamaliza, bado ananyamaza, mpaka unajikuta umesema lile ulilokuwa umelificha.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Alitueleza kwamba uwanja wa juu umetengwa. Pale patajengwa zahanati, banda la gari la wagonjwa, na kituo cha zimamoto, kwa sababu ukisimama pale unaona mji wote, njia panda, na maghala ya mbao ambayo siku yakishika moto yatatuchoma sote. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mwenye mwili na moyo mkubwa, alisimama akashukuru kana kwamba kituo kimeshajengwa na yeye ndiye aliyekikatia utepe.

Kisha dada yule akabandika mchoro ukutani. Barabara ilikuwa mistari miwili inayopanda kutoka chini hadi juu. Tukasogea, kila mtu akatafuta nyumba yake, na makofi yakaisha. Katika mpango ule kila mwenye kiwanja anatoa kipande kwa ajili ya barabara, na anachopata ni hiyo barabara. Mistari ile miwili ilikuwa imepita juu ya nyua, majiko, mabanda ya kuku na baraza za watu.

Mkuki kwa nguruwe. Kila mtu alikitaka kituo, hakuna aliyeitaka barabara.

Jirani yetu fundi seremala ndiye aliyesimama kusema. Ni mtu mpole, mabega yake mapana, na katika mtaa wetu hakuna mgonjwa wala marehemu aliyebebwa bila yeye kushika mbele. Alisema, "Dada, sisi hatukatai maendeleo. Lakini njia yetu inatosha. Inapitisha machela. Inapitisha jeneza, na watu wakiwa wameshika pande zote mbili. Sasa gari ni pana kuliko msiba?"

Watu wakaguna kukubali. Na kwa kweli ndivyo njia yetu ilivyopimwa siku zote, kwa mabega ya watu waliobeba mtu. Kama wanne wanapita na machela, basi ni njia. Mimi nikafungua mdomo kusema habari za malori, lakini dada yule akanitazama, nikaufunga.

Akasema, "Fundi amesema jambo la maana. Basi mimi nisibishane nanyi kwa karatasi. Nitaomba gari la zimamoto lije kutoka Njombe, tulijaribu hapa njiani. Likipita, nafuta mistari yangu."

Hapo ndipo mwenyekiti alipotuponza, na alituponza kwa upendo.

Kwetu mgeni mkubwa hapokelewi mikono mitupu. Anajengewa tao. Unakata mianzi, unasimamisha miguu miwili huku na huku ya njia, unakunja mwingine juu, unafunga matawi ya paina na maua, na mgeni anapita chini yake huku akina mama wakiimba. Mara ya mwisho mtaa wetu kujenga tao ilikuwa wakati askofu alipokuja kutoa kipaimara. Gari lake lilipita vizuri mpaka kwenye kigango, na mwenyekiti aliikumbuka siku ile kama watu wengine wanavyoikumbuka harusi yao. Aliposikia gari la serikali linakuja kutoka Njombe, tena la zimamoto, aliagiza tao. Fundi akaja kwa mama kuomba mianzi, mama akampa, na fundi akalijenga chini kabisa, pale njia inapoachana na barabara kuu. Akalipima kwa kumbukumbu ya gari la askofu.

Mimi nilikuwa Njombe nikipakia. Niliporudi asubuhi ile nilikuta njia imefagiliwa, pembeni pamewekwa makopo yenye maua, na tao limesimama, zuri, kijani kibichi. Nililitazama nikajua. Nikamwambia mwenyekiti, "Mzee, hili gari halitapita hapa." Akanijibu, "Mwanangu, askofu alipita."

Gari likaja, jekundu, refu, limeijaza njia yote hata kabla ya kuingia njiani. Akina mama wakaanza kuimba. Likafika mbele ya tao, likasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani, akatazama juu, akatazama kulia, akatazama kushoto. Nyimbo zikaendelea kidogo, kisha zikaisha mmoja mmoja, kama wanavyoacha watu walioona kasisi amekosea ukurasa. Mwenyekiti alimpungia dereva mkono akisema, "Pita tu, baba, pita, linapita." Dereva, kijana mwenye adabu, akashuka, akavua kofia, akasema, "Mzee wangu, nikipita nitawavunjia."

Mwenyekiti alikuwa ameona aibu mpaka nikamwonea huruma, na mimi si mwepesi wa huruma. Mtu mmoja akasema tao likatwe. Wawili wakaenda kutafuta panga.

Dada wa mipango akasema, "Msilikate." Hakucheka, wala hakumtazama mwenyekiti. Alikwenda kwa fundi akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza meza, "Fundi, unaweza kulipanua hili likaenea gari hili, milango yake ikiwa wazi na mtu amesimama kila upande akivuta mpira wa maji?"

Fundi akazunguka gari. Akaomba milango ifunguliwe. Akaomba askari wawili wa zimamoto wasimame walivyosimama kazini. Akalitazama tao lake, akalitazama gari, akakuna kichwa. "Naweza," akasema. "Ila mianzi iongezwe."

Mama akaongeza mianzi. Kabla jua halijafika utosini tao lilikuwa limejengwa upya, pana kiasi kwamba lilituonesha udogo wetu. Gari likapita chini yake, akina mama wakaimba kwa nguvu mara mbili, na mwenyekiti akarudishiwa uso wake. Lakini hatua chache mbele ukuta wa choo ulilikatalia, likarudi nyuma hadi barabarani, likaegesha.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia dada yule, na sijaivaa tena mpaka leo. Alisema, "Sasa tao ni lenu, mmelijenga wenyewe. Tulinyanyue, tupande nalo mpaka juu. Na kila tukifika kwenye kiwanja cha mtu, mwenye kiwanja ashike mguu wa upande wake."

Tukalinyanyua. Upande wa kulia watu, upande wa kushoto watu, na mbele kabisa ya kila mguu mwenye kiwanja. Likienda, linakwenda. Likigonga, mwenye kiwanja ndiye anayesikia kwanza kwenye viganja vyake kwamba limegonga kwake. Hapakuwa na mtu wa kumwambia "umevamia." Mpima ardhi wa halmashauri alikuja nyuma akipigilia mambo, yaani vigingi, pale tu mwenyewe alipokubali. Na walikubali, kwa sababu nani atabishana na mianzi aliyoishika mwenyewe? Baada ya ule ukuta wa choo, kilichofuata kugongwa kilikuwa banda la fundi la kukaushia mbao. Fundi aliutazama mguu wa tao ulivyoingia ndani ya banda lake, akasema, "Kumbe mwizi nilikuwa mimi," na watu wakacheka mpaka tao likatikisika. Baada ya hapo ikawa kama mchezo. Baraza ya mwenyekiti ikagongwa, akasema itakatwa na apewe heshima ya kuikata wa kwanza. Jiko la mjane mmoja likagongwa, na vijana wakaahidi papo hapo kumjengea lingine nyuma ya nyumba kwa msaragambo, wakalijenga kweli.

Hivyo tukapanda tukicheka mpaka kwenye kona ya mama, na kicheko kikaisha.

Kona ile upande wa nje kuna korongo. Barabara haiwezi kusogea huko, itaanguka. Upande wa ndani kuna mianzi ya mama. Si michache. Ni kichaka kizima, kikubwa, chenye giza la kijani ndani yake. Mama aliileta kutoka kijijini kwao, jirani na Lugarawa, vipande vya shina vyenye mizizi vimefungwa kwenye gunia lenye maji, juu ya lori la mahindi, mwaka niliozaliwa. Baba alikuwa mpasua mbao, na mapato ya mbao ni ya kubahatisha. Ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, haukubahatisha. Kila masika mama aliigema mianzi ile asubuhi na jioni, akakinga kwenye mbeta, ule mwanzi mfupi unaofungwa chini ya chipukizi, akauza mtogwa kwa wasiolewa na mkangafu kwa wanaolewa. Yeye mwenyewe hanywi. Tumesoma kwa mianzi ile, wote.

Tao likagusa mianzi na kusimama. Ilibaki mama ashike mguu wa ndani. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba, amejifunga khanga mbili. Aliutazama ule mguu wa tao uliotoka kwenye mianzi yake mwenyewe, akasema, "Mimi sishiki," akaingia ndani.

Watu wakanitazama mimi. Nikamfuata. Nilikuwa na aibu na hasira, kwa sababu nilikuwa mjumbe wa kamati, na kama barabara ingekwama pale, uwanja wa juu ungebaki uwanja na kituo kingepelekwa mtaa mwingine. Dada alikuwa ametueleza hivyo bila kutuficha. Nikamwambia mama kuwa mianzi inapandwa tena. Akasema anajua, yeye ndiye aliyeipanda. Nikamwambia watu wote wametoa. Akasema amewaona. Nikamwambia basi shida iko wapi, kisha nikasema lile ambalo katika nyumba yetu halikuwahi kusemwa. Nikasema, "Mama, gari lingeingia siku ile, baba..."

"Usimalizie," mama akasema.

Sikumalizia.

Siku ile ilikuwa ya masika, mchana. Baba alishikwa na kifua akiwa anafunga mbao, akakaa chini, akashindwa kuinuka. Tulipata gari, pikapu ya mtu wa sokoni, lakini ilisimama chini barabarani kwa sababu haikuweza kupanda. Wakaleta machela, fundi akashika mbele. Njia ilikuwa matope. Kwenye kona yetu machela haikupinda kirahisi, ikabidi waishushe, wageuke, wainyanyue tena, na mama alikuwa nyuma akishika miguu ya baba isiteleze. Waliteremka polepole, wasimwangushe. Baba alikata roho wakiwa wanalikaribia gari, wanaliona. Kwenye msiba kila mtu alimwambia mama kwamba siku yake ilikuwa imefika, na mama akaipokea sentensi ile akaitunza. Aliirudia kwa wageni, aliirudia kwetu tukilia. Siku yake ilikuwa imefika. Ilimlaza usingizi na kumwamsha kwa miaka yote hiyo.

Sasa nilielewa, nikiwa nimesimama pale jikoni, kwamba mama hakuwa akiililia mianzi. Akishika mguu wa tao atakuwa amekubali kwamba njia ilikuwa nyembamba. Na kama njia ilikuwa nyembamba, basi huenda siku ya baba haikuwa imefika. Hilo ndilo alilokuwa akilikataa, na mimi mwanawe nilitaka alikubali mbele ya mtaa mzima, kabla ya chakula cha mchana.

Nilitoka nje. Dada wa mipango hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Tao likae hapa. Mama akiwa tayari, tutaendelea." Wakaliegemeza kwenye mianzi, kila mtu akaenda kwake, na gari jekundu likarudi Njombe.

Tao lilikaa pale. Majani ya paina yakakauka, maua yakaanguka, kuku wetu wakaanza kulala juu yake. Watu walipita chini yake kwenda kisimani na kurudi. Wapo walionung'unika, na wapo walioniuliza kama mama anataka kubembelezwa na waziri. Niliwajibu wale kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Mwenyekiti alinishangaza. Alipita kila asubuhi, akamsalimia mama, wala hakulitaja tao hata mara moja.

Dada wa mipango alirudi wiki iliyofuata, bila mchoro, bila mpima. Alimkuta mama anachambua maharage, akaketi kwenye kigoda, akavuta ungo upande wake na kuanza kuchambua naye. Mimi nilikuwa nafunga magunia uani, nikawa nasikia. Alimuuliza mama mianzi ilitoka wapi. Mama akamweleza habari za lori la mahindi na gunia la maji. Akamuuliza inahamishwaje. Mama akamweleza: unachimba mvua za kwanza zikinyesha, unachukua shina na mzizi wake, hukati mzizi mkuu, unapanda siku hiyohiyo. Aliongea vizuri kuliko alivyoongea nami wiki nzima. Dada akasema kwamba ukingo wa lile korongo unamomonyoka, na barabara ikipita itahitaji kitu cha kuushika udongo, na yeye hajui kitu kinachoushika udongo kama mianzi. Mama akasema, "Hilo ni kweli." Kisha akaongeza maharage kwenye ungo.

Halafu mama akauliza. Aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mwanangu, wewe umesoma mambo haya. Mume wangu alibebwa kwenye hii njia kwa machela, akafia pale chini. Barabara hii ingekuwepo, angefika?"

Niliacha kufunga gunia. Nilikuwa tayari kuchukia jibu lolote. Kama angesema ndiyo, angemwua mama. Kama angesema hapana, angekuwa mwongo, na mama angemjua.

Dada akaacha kuchambua. Kisha akasema, "Mama, sijui. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya. Pengine angefika, pengine asingefika. Mimi kazi yangu haifiki kwake. Inaanzia kwa anayefuata."

Mama akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, "Chukua haya maharage, ukapike kwako. Baridi hii bila maharage utaugua." Akamfungia kwenye kitambaa, na dada akapokea kwa mikono miwili, akaaga.

Mvua za kwanza zilikuja usiku wa kuamkia Jumapili. Tulikwenda misani, tukarudi, mama akabadilisha viatu na kutoka na jembe na panga. Akasimama kwenye kona. Akawafukuza kuku kwenye tao. Akaniambia, "Waite." Niliita kwa ile sauti yangu waliyonichagulia. Walikuja wakiwa bado na nguo za kanisani, Wakatoliki kutoka kigangoni na Walutheri kutoka usharikani kwao, mwenyekiti na tai yake, fundi akiwa amekunja suruali. Mama alikata mwanzi wa kwanza mwenyewe, ule mnene wa pembeni, kisha akarudi akashika mguu wa ndani wa tao. Fundi akashika nyuma yake. Lile tao lililokauka likanyanyuliwa, likaingia mahali mianzi ilipokuwa, vijana wakikata mbele na akina mama wakichimba mashina, na kila shina lililotoka mama alielekeza lipandwe wapi kwenye ukingo wa korongo. Jioni tulikuwa uwanja wa juu, matope mpaka magotini. Tulilisimamisha tao pale katikati, likiwa halina jani hata moja, tukalitazama. Mwenyekiti alilia. Nami nililia, na sioni haya kusema.

Barabara ilichongwa kiangazi kilichofuata. Zahanati ipo, imepakwa rangi, na banda la gari la wagonjwa lina gari ndani yake. Kituo cha zimamoto kimefika kwenye msingi. Wanaosema serikali inakwenda polepole, sijui wanasemea wapi. Mimi nimeona mistari miwili ya karatasi ikigeuka kuwa kitu ninachokanyaga, na nimeona ilivyofanyika, kwa subira na heshima, na mtu ambaye angeweza kuja na greda tangu siku ya kwanza. Dada alihamishiwa wilaya nyingine. Bado namtumia maharage kwa basi, mama akiyachambua mwenyewe.

Masika haya fundi alianguka kwenye karakana yake. Kifua, kama baba. Mkewe alipiga simu, na mimi na mama tulisimama kwenye kona tukaliona gari la wagonjwa likishuka kutoka juu, likipinda pale bila kupunguza sana mwendo, likipanda tena naye hadi zahanati, kisha likishuka naye kwenda hospitali. Mianzi ya ukingoni ilikuwa imeshaanza kutoa machipukizi. Mama alirudi ndani, akasali rozari.

Fundi alirudi baada ya siku kadhaa, amekonda, anatembea na fimbo. Alipita kwetu kusalimia. Aliketi, akanywa uji, akamtania mama kwamba mara hii alibebwa na watu wasiomjua. Akaondoka polepole akishuka kwenda kwake, katikati ya barabara, maana nafasi ilikuwepo. Mama alisimama mlangoni akimtazama, yule aliyeshika mbele siku ile, mpaka alipopita kona.

"Gari lingeingia," mama akasema, "baba yenu angefika."

Nikamshika mkono. Kisha akaniambia nikalete mbeta, machipukizi yako tayari.